Chini ya Gari Hakuna Mkwe

12 Novemba 1983

Mvua ya kwanza. Nimenunua daftari hili duka la kijiji, ambako rafu zote zilikuwa tupu isipokuwa madaftari, chumvi na viberiti visivyowaka. Tangu mke wangu Tulinagwe afariki, sina wa kumwambia kwamba ugali umeungua, au goti la kushoto linauma, au mwenyekiti wa kijiji kasema upuuzi mkutanoni. Mambo kama hayo yakikaa sana kifuani huchacha. Basi nitayaandika, yachachie humu.

Jina langu Asajile. Nilikuwa dereva wa chama cha ushirika, nikibeba kahawa ya milima hii ya Ileje kuipeleka Mbozi, hadi gari na mimi tukachakaa pamoja. Ushirika ulipovunjwa wakaniachia Landrova, wakasema hiyo ndiyo asante. Iko uani juu ya mawe. Haijatembea tangu tulipomzika Tulinagwe.

13 Novemba

Kanisani. Mahubiri marefu. Mvua.

15 Novemba

Nikisoma nilichoandika juzi naona nimesema kama mtu anayeishi peke yake. Si kweli. Nyumba ya pili hapa uani ni ya mwanangu Ipyana. Yeye yuko Kitwe, Zambia, kwenye migodi ya shaba, lakini mkewe Yunisi yumo humo ndani. Kwa sisi Wandali, mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani. Hawasalimiani, hawapishani njiani, hawatajani majina. Mchungaji anasema hayo ni mambo ya kale, na mke wa mtoto wake yeye mwenyewe hujificha jikoni akisikia viatu vyake.

Yunisi yuko hapa mwaka wa tatu na sijui sura yake. Nikitaka kutoka nje nakohoa mara mbili ili aingie ndani. Akitaka kutoka yeye, anagonga sufuria nami najifungia. Chakula changu nakikuta mlangoni kimefunikwa. Nadhani ni msichana wa kununa, kwa sababu sufuria huigonga kwa hasira.

Jioni nimesikiliza redio mpaka betri zikaanza kulegea.

22 Novemba

Leo amekuja Ketrina, jirani yetu mjane. Ana mtoto wa jicho macho yote mawili, lakini mambo ya watu anayaona kuliko sisi tulio wazima. Akakaa kwenye kigoda, akakataa chai, nikajua lipo jambo.

"Baba Ipyana, mkweo ana mimba. Mwezi wa sita huu."

"Mbona sijaambiwa?"

"Angekwambia nani? Kuku?"

Kweli, mwezi wa Juni Ipyana alikuja akakaa wiki mbili. Halafu Ketrina akasema lile lililomleta. Mwaka jana, mvua kama hizi, Yunisi alishikwa na uchungu wa mtoto wa kwanza, na vijana wakambeba kwa machela ya mianzi kuelekea hospitali ya misheni ng'ambo ya mlima. Kwenye utelezi waliteleza wakamwangusha. Mtoto alizaliwa njiani, hakulia. Hayo nayajua, nilichimba kaburi mimi. Nisilolijua ni kwamba daktari alimwambia Yunisi mimba nyingine ikija asibebwe kwa machela tena wala asirushwerushwe, maana kizazi chake kinavuja damu upesi. Na gari la hospitali halina mafuta tangu Saba Saba.

"Aende mapema akangojee kule," nikasema.

"Wanapokea wa wiki ya mwisho tu. Wanalala wawili kitanda kimoja. Na hiyo wiki ya mwisho atafikaje?" Akageuza uso kuelekea Landrova, ingawa sijui kama anaiona. "Ile kitu bado ni gari, au ni banda la kuku?"

23 Novemba

Nimeingia chini ya gari kwa mara ya kwanza tangu msiba. Ni banda la kuku. Mwenye nyumba ni kuku mmoja mwekundu wa Yunisi, ambaye alinitazama kama mimi ndiye mgeni.

Injini naiweza. Ubovu uko kwenye springi. Ya nyuma kulia imevunjika chuma kikubwa, kile kinachobeba vyote. Ya kushoto imelala bapa kwa kutu. Bushi za mpira zimekuwa unga, na pini zinazoshikilia springi kwenye chesisi zimelika zikawa nyembamba kiunoni. Shokapu hazina hata tone la oili. Gari hili likitembea hivi, hata gunia la mahindi litaharibikiwa mimba.

3 Desemba

Tunduma. Nimepanda lori la mahindi mpaka Mpemba, nikamalizia kwa miguu kwenye tope hadi mpakani.

Nikamwendea Amri, yule mtu wa Kigoma mwenye ghala nyuma ya msikiti. Tunajuana tangu siku za kahawa. Nilimkuta akibishana na Mzambia mmoja, nusu Kibemba nusu Kiingereza, na Kiswahili cha kugombea.

"Shikamoo, mzee wangu! Mlimani hamjambo?"

"Marahaba. Nataka springi za Landrova, za nyuma. Na bushi, na pini nne, na debe la petroli."

Akatazama kulia na kushoto. Mwaka huu wa kusaka wahujumu uchumi, mtu mwenye sabuni mbili anatazama kulia na kushoto. "Polepole, mzee. Springi ninazo, zimetoka ng'ambo. Pini ninazo tatu. Bushi hata Lusaka hamna. Petroli tutaona."

Nikatoa pesa. Akacheka kwa huruma. "Kaa nazo. Nitanunulia nini? Sukari hamna, khanga hamna. Una kitu gani kingine?"

Nilikuwa nacho kwapani. Nilikibeba kutoka nyumbani kwa sababu moyoni nilijua. Nikaiweka redio juu ya meza. Amri akaiwasha, sauti ikajaa ghala lote, akatingisha kichwa. Sikutaka kuisikia ikiendelea, nikatoka nje kufunga springi na debe la petroli kwa kamba.

4 Desemba

Nimerudi. Nyumba imenyamaza vibaya sana.

10 Desemba

Kazi imeanza. Naziandika hatua, maana nikifa katikati mtu mwingine amalizie. Kwanza nimelegeza boliti zote kwa kuzimwagia oili chafu na kuziacha zilale nayo. Kisha nimenyanyua chesisi kwa jeki na kuweka magogo chini, si mawe, mawe hupasuka. Ekseli ikaning'inia. Pini mbili zilikubali kutoka, mbili nimezitukana mpaka zikatoka.

Nikiwa huko chini, mgongo kwenye tope, nikasikia ndoo na nyayo. Sikuwa nimekohoa, na yeye hakugonga sufuria. Nikaona miguu miwili mipana, kisigino cha kushoto kimepasuka, imesimama ghafla mbele ya gurudumu. Nikakohoa haraka. Ndoo ikaanguka, miguu ikakimbia, maji yote yakanijia mimi.

11 Desemba

Kesi imeamuliwa na Ketrina. Nililalamika kwamba nikifanya kazi uani, Yunisi atafungiwa ndani kutwa, na maji atachota nani? Ketrina akafikiri.

"Chini ya gari hakuna mkwe," akasema. "Hakuoni, humwoni. Wewe kaa huko, yeye apite."

"Lakini naona miguu."

"Miguu siyo mtu."

Basi sheria imepitishwa. Nikiingia chini napiga chesisi kwa spana, na yeye anatoka ndani.

17 Desemba

Bushi. Nimekata katambuga zangu, zile ndara za tairi la lori alizonichagulia Tulinagwe sokoni Ihanda. Mpira mgumu, nyuzi ndani. Nimekata mapande, nikayachonga kwa kisu cha moto, nikayatoboa kwa nondo nyekundu. Natembea pekupeku. Pedali za gari hazijali viatu.

25 Desemba

Krismasi. Maharage na ndizi. Saa hizi redio ingekuwa inaimba.

2 Januari 1984

Pini nilizopata ni tatu, ya nne nimerudisha ya zamani, ile ya shakeli ya nyuma kulia, kikono kinachoshika ncha ya springi. Nimeigeuza upande usiolika sana na kuiambia ivumilie.

Springi za Amri nimezifunga, na kwa kuwa alinitupia vyuma viwili vya lori kama nyongeza, nimeviongeza kila upande. Ndivyo tulivyofanya ushirika. Gari likikatika springi, unaongeza chuma, na kingine unaongeza, mpaka linabeba kijiji. Sasa limesimama matako juu, zuri kabisa. Hakuna mlima wa kulivunja. Nimejisifu peke yangu, maana hakuna mwingine.

6 Januari

Nimelitembeza hadi mtoni na kurudi. Nikiruka shimo dogo, kichwa kinagonga bomba la turubai. Springi hazipindi hata kidogo. Nguvu tele. Nimerudi nimefurahi, meno yanauma.

8 Januari

Jambo limetokea.

Nilikuwa chini nakaza nati. Yunisi akaja na bakuli la pumba, akasimama karibu na gurudumu, na yule kuku mwekundu akatoka kivulini kumpokea. Halafu akasema. Alisema kwa Kindali, nami naandika Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishwa kuandikia.

"Kuku," alisema, "gari la kahawa na gari la mtu ni kitu kimoja? Mimi sijui. Nilisikia tu likipita. Nikasema, mayai yako yangekuwa humo yangefika uji."

Na akaenda zake.

Ile ni sauti niliyokuwa nikiisikia kwa mbali ikifukuza nyani mahindini. Karibu ni nyingine, ya chini, inakwaruza kidogo. Nimekaa chini ya gari mpaka baridi ikaniingia. Kwanza nilikasirika. Mke wa mtoto ananifundisha springi! Kisha hasira ikaisha, ikabaki aibu, maana ni kweli. Miaka yote nimebeba magunia. Gunia halilalamiki. Nimetengeneza gari lisilovunjika ili limvunje yeye.

9 Januari

Nimewaza usiku kucha, nimeamka na jibu. Vyuma vya lori vitoke vyote viwili. Hata kwenye springi zenyewe nitapunguza kimoja kimoja, kile kifupi cha chini. Kutu yote isuguliwe, kila chuma kipakwe grisi ili viteleze juu ya vingine badala ya kung'ang'aniana. Shokapu nitazijaza oili. Na jambo moja ambalo kila dereva analijua na sikulifikiria: Landrova tupu inarusha, Landrova yenye mzigo inanesa. Magunia manne ya mahindi sakafuni, godoro juu yake.

14 Januari

Grisi hamna dunia hii. Nimechanganya mafuta ya nguruwe na oili chafu. Inanuka. Paka wote wa kijiji wamenifuata.

20 Januari

Jaribio. Nilimwomba Ketrina aniletee mayai. Hakuniuliza ya nini, na kikapu kilikuja kutoka nyumba ya pili. Nimekiweka juu ya godoro bila pumba wala majani, nikaenda mpaka mtoni, nikapanda, nikarudi. Yai moja limepata ufa.

Nikarudisha kikapu mlangoni kwake na kukohoa. Baadaye, nikiwa chini, miguu ikaja.

"Kuku, moja ndilo limepasuka?"

Nilijua sipaswi kujibu. Lakini kuku alikuwa pale, anasubiri. Nikamwambia, "Kuku, ni moja tu. Na hilo nadhani ulilitaga vibaya wewe."

Akacheka. Sijasikia mtu akicheka katika uwanja huu tangu Tulinagwe.

27 Januari

Mvua bila kukoma. Nimekaza nati zote. Yunisi ameniletea chai ndani ya kopo, akalisukuma chini ya gari kwa mti.

29 Januari

Hakukuwa na cha kutengeneza. Nimekaza nati zilizokwisha kukazwa.

3 Februari

Kuku amekuwa mtu muhimu kuliko mwenyekiti. Kwake nimejua kwamba Yunisi ni mtoto wa tano, kwamba anaogopa radi, kwamba Ipyana hajaleta habari tangu mwezi wa nane, na kwamba sufuria huigonga kwa nguvu kwa sababu alidhani mimi ni kiziwi. Mimi nami nimemwambia kuku habari za Tulinagwe. Jinsi alivyokuwa akikaa kiti cha mbele na kukanyaga breki ambayo haipo. Kuku aliuliza kama nilimpenda. Nikasema kuku wana maswali.

Leo aliponawa miguu kando ya gurudumu alisema neno ambalo sitalisahau.

"Kuku, mwambie tata asiache kukohoa asubuhi. Siku akichelewa kukohoa, nadhani amekufa, na mimi nitakuwa peke yangu hapa."

Tata kwetu ni baba. Nilimwona kuwa mtu wa kununa. Miaka mitatu nimekaa hatua chache kutoka kwa mtu mpweke kama mimi, na tulichobadilishana ni kikohozi na sufuria. Nimeona uchungu, na nausema wazi hapa kwa kuwa daftari halitanicheka.

11 Februari

Miguu imevimba. Nimemwambia kuku apumzike.

22 Februari

Naandika nikiwa kwenye baraza ya hospitali ya misheni.

Jana asubuhi nilikohoa mara mbili, na badala ya mlango kufungwa nilisikia kilio. Ketrina akatoka nyumba ya pili akipapasa ukuta. "Baba Ipyana, washa gari! Hajafika wiki yake, lakini mtoto hajui kalenda."

Ndani ya turubai tulishagawa kwa khanga mbili, mbele mimi, nyuma wao. Nikaingia nikatazama mbele tu mpaka Ketrina alipogonga bati. Gari likaondoka kwa upole ambao sijawahi kuliona nao. Kwenye kila shimo lilizama na kuinuka, likizama na kuinuka. Nilisikia Yunisi akipumua nyuma ya khanga, na Ketrina akimwambia, "Unaona? Unalala kama mke wa balozi."

Tukavuka mto. Tukapanda mlima kwa gia ndogo, mvua ikitupiga usoni. Karibu na kileleni, pale vijana walipomwangusha mwaka juzi, nikasikia mlio mmoja wa chuma, mkavu. Gari likainama kulia, likakaa.

Sikuhitaji kutazama. Ilikuwa pini ya nne.

Nikaingia chini. Ncha ya nyuma ya springi ilikuwa imechomoka kwenye shakeli na kujichimbia tope. Pini ya akiba sina. Nikafungua boliti ya ndoano ya kuvutia, unene ulikaribiana. Nikanyanyua chesisi kwa jeki juu ya kipande cha mbao. Sasa kazi ni hii: mtu anasukuma springi kwa mtaimbo, mikono yote miwili, mpaka matundu yaelekeane, na wakati huohuo mtu mwingine anapitisha boliti kutoka upande wa nje. Mtu mmoja hawezi. Nilijaribu. Nilijaribu na meno. Kila nilipoachia mkono mmoja springi ilirudi.

"Mama Ketrina! Njoo upitishe boliti!"

Akateremka, akapiga magoti kwenye tope, akapapasa gurudumu, akapapasa bati, akapapasa sikio langu. "Tundu liko wapi?"

"Hapo! Mbele ya mkono wako!"

"Baba Ipyana, mimi naona ukungu tu."

Yunisi akalia nyuma, kilio kirefu kuliko vyote. Kisha kikaisha, ukawa utulivu wa mvua. Nikasikia gari likitikisika. Nikaona ile miguu ikigusa tope, mmoja, halafu mwingine. Ikaja. Magoti yakashuka. Mkono ukaingia kati ya gurudumu na chesisi, ukaokota boliti kwenye tope.

"Dada, geuka," nikasema kwa Ketrina, nikiona haya hata pale.

"Nigeuke wapi? Mimi sioni kitu. Fanyeni."

Nikasukuma mtaimbo kwa nguvu zote alizoniachia Mungu. Matundu yakakaribia. Ule mkono ukatafuta, ukagusa vidole vyangu, haukutoroka. Vidole vyake vilikuwa baridi. Nikauongoza kwa kidole kimoja mpaka kwenye tundu. Boliti ikaingia nusu, ikakwama. Akaipiga kwa jiwe. Akapiga tena. Ikapita.

"Tata," alisema, na kuku tulimwacha nyumbani, "imeingia."

"Imeingia, mwanangu," nikasema. "Panda."

Tulifika kabla ya mchana. Hajavuja damu. Alfajiri ya leo Ketrina alitoka wodini akanishika kichwa kwa mikono miwili, kama anapima boga. Ni msichana. Amelia. Wamesikia mpaka jikoni. Yunisi ameshampa jina: Tulinagwe.

Nimekwenda kukaa ndani ya gari, nikalia.

8 Machi

Tumerudi nyumbani. Sheria ya Ketrina imerudi mahali pake, na ya mlimani hakuna anayeitaja. Nimepata pini nzima, ile boliti ya ndoano nimeitoa na kuining'iniza kwa waya juu ya kitanda.

19 Machi

Mvua ndogo. Leo uani mtu ameita, "Tulinagwe! We Tulinagwe, unyamaze!" Niliacha kula.

28 Machi

Mtoto amelazwa kwenye mkeka kando ya gurudumu, nami nikamtazama kutoka chini. Yeye hana mwiko. Amenitazama kwa ukali kama bibi yake.

19 Aprili

Ipyana amekuja. Nilikuwa chini ya gari, nikaona viatu vya Zambia vinang'aa.

"Mwabombeni, tata!" akasema, salamu ya Wabemba kwa mtu aliye kazini. Nikatoka, tukakumbatiana. Amenona. Amepata nyumba ya kampuni, ina umeme. Amekuja kuwachukua.

Nikasema ni jambo jema. Ni jambo jema kweli, mke akae na mumewe. Mwenyewe nilimlalamikia Mungu kwamba mwanangu amemtelekeza binti wa watu.

"Gari limepona, naona," akasema. "Utatufikisha Tunduma?"

22 Aprili

Pasaka. Mvua imekatika.

23 Aprili

Nimeingia chini kukagua kwa safari. Miguu ikaja, ikasimama muda mrefu.

"Kuku," akasema, "wewe hutavuka mpaka. Huko Kitwe wanachinja kuku kwa mashine. Utabaki na tata. Umwamshe."

Nikataka kujibu. Nikakaza nati iliyokwisha kukazwa.

24 Aprili

Tunduma. Nimewabeba kwa magunia manne yaleyale na khanga zilezile. Sikuruka shimo hata moja.

Karibu na geti nikasimamisha. Ipyana akashusha masanduku, akaniaga. Nikashuka nami, nikasimama upande wa kulia nyuma ya gurudumu, ili Yunisi ateremke kushoto na kwenda bila shida. Amri alikuwa hapo ng'ambo ya barabara. Ile redio yangu ilikuwa ikiimba ghalani kwake.

Niliwaona migongo, yeye na mtoto, wakienda kwenye geti. Ana mabega mapana. Ni mrefu kuliko nilivyodhani. Na pale kwenye kizuizi akasimama, akampa Ipyana mtoto, akageuka. Aligeuka mwili mzima, kuelekea kwangu, akavua khanga kichwani. Hakukosea. Alitaka.

Na mimi nikainama kutazama springi.

Miaka yote mwili umezoea. Uliinama kabla sijauuliza. Nilitazama pini ya nne, nzima kabisa, hadi nilipoona wapita njia wanashangaa. Nilipoinuka geti lilikuwa limejaa watu na mikokoteni, na wao walikwisha kupita.

Amri akavuka barabara. "Mzee wangu, gari lina tatizo?"

Nikamwambia halina.

30 Aprili

Jua. Barabara imekauka, gari liko zima kuliko nilivyo mimi, na hakuna pa kwenda.

Asubuhi nilikohoa mara mbili kabla ya kufungua mlango. Nikasubiri kidogo. Kisha nikakumbuka, nikatoka.

Ketrina amesema nitawatembelea Kitwe, siku moja. Amesema pia kwamba uso wa Yunisi ni wa mviringo, una alama ndogo juu ya nyusi. Nilimuuliza ameujuaje na macho yale. Akasema aliupapasa siku ile mlimani.

Baada ya chakula nimechukua spana nikaingia chini ya gari. Hakuna kilichoharibika. Nimepiga chesisi, kama kawaida, kisha nimelala chali nikitazama uwanja kutoka upande ule ambako miguu hutokea. Kuku mwekundu akaja, akakaa karibu na gurudumu, akanitazama.

"Kuku," nikamwambia, "mwambie mwanangu nilikuwa nataka kumwona."